Mchezo ukitoka na kasoro, radhi ya msanidi ina uzito gani?

Msafiri_Chumbageni ameuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam. Mwezi uliopita nilinunua mchezo wa kompyuta niliokuwa nimeusubiri kwa miaka miwili, na tangu siku ya kwanza haujanipa nusu saa ya utulivu. Kila nifikapo kwenye daraja la mji wa pili, picha inaganda, sauti inaendelea peke yake, kisha mchezo unajifunga na kunirudisha mwanzo wa safari. Niliwaandikia wasanidi, nikajibiwa kwa upole kwamba wanathamini maoni yangu. Baada ya hapo walitoa sasisho la gigabaiti 19, ambalo lilimaliza bando langu lote, na pale darajani hali ni ileile. Nitajuaje kama kampuni inayoomba radhi inakusudia kweli kutengeneza kazi yake, au inatutuliza tu ili tusidai fedha zetu?

Kidahu amejibu:

Pole sana, ndugu Msafiri. Mimi huwa sipimi maneno, napima kazi, na funzo hilo nililipata kwa No Man's Sky. Kampuni ndogo ya Hello Games, ya mjini Guildford, Uingereza, iliutoa mchezo huo Agosti 2016, baada ya kiongozi wake, Sean Murray, kueleza katika mahojiano mengi mambo ambayo mengine hayakuwamo siku ulipotoka. Siku hiyohiyo ya kwanza wachezaji wawili walifika kwenye sayari moja, wakasimama mahali pamoja, na hawakuonana. Watu walikasirika mno, nayo kampuni ikanyamaza kwa miezi kadhaa. Nasema wazi kwamba kimya kile kilikuwa kosa, kwa kuwa mtu aliyelipa dola 60 anastahili walau kuambiwa kinachoendelea. Hata hivyo, Novemba mwaka huohuo likaja sasisho kubwa la bure, yakafuata mengine mwaka hadi mwaka, na lile la Julai 2018 ndilo lililowawezesha wachezaji kuonana na kucheza pamoja ipasavyo. Leo naucheza kwa furaha.

Bi_Nuru amejibu:

Nakubaliana nawe kuhusu kazi, Kidahu, lakini maneno nayo yana uzito wake, mradi yalitaje kosa lenyewe. Cyberpunk 2077 ya CD Projekt, kampuni ya Poland, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na kwenye mashine za michezo za PlayStation 4 na Xbox One za kawaida ilikuwa haichezeki kwa raha. Siku nne baadaye kampuni iliomba radhi, ikakiri kwamba haikuuonyesha mchezo ukichezwa kwenye mashine hizo kabla ya kuuuza, na hivyo wanunuzi hawakupata nafasi ya kuamua wakiwa na taarifa kamili. Hiyo ndiyo radhi ninayoiheshimu, kwa sababu inataja kilichofanyika na aliyedhurika. Na wasiotaka kusubiri waliambiwa wadai fedha zao. Wiki hiyohiyo Sony, watengenezaji wa PlayStation, iliuondoa mchezo kwenye duka lake la mtandaoni, na haukurudi hadi Juni 2021.

Mwezi Januari 2021 mmoja wa waasisi wa kampuni, Marcin Iwiński, alisema katika video kwamba uamuzi wa kuutoa mchezo ulikuwa wa viongozi, watu wasiwalaumu wafanyakazi. Hapo alisema vema. Aliposema kwamba majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya kasoro zile, sikuridhika hata kidogo, kwani wanunuzi wengi walizikuta mapema sana. Matengenezo yaliendelea hadi toleo la 2.0 la Septemba 2023, ambalo lilibadilisha mambo mengi ya msingi.

Fundi_Majaribio amejibu:

Kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijatolewa, basi niongeze upande huo. Malalamiko yasemayo "mchezo ni mbovu" hayamsaidii fundi, kwa sababu hawezi kutengeneza kasoro ambayo hajaishuhudia. Ndugu Msafiri, waandikie upya: taja toleo la mchezo, kadi ya picha iliyomo kwenye kompyuta yako, dakika mchezo unapoganda, na kama unaganda hata ukipunguza ubora wa picha. Kisha soma orodha ya marekebisho inayokuja na kila sasisho. Kampuni inayofanya kazi huandika kasoro gani imeondolewa na ipi bado inashughulikiwa. Ukiona "maboresho ya jumla" mara tatu mfululizo, dai fedha zako. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kwa kawaida hurejesha fedha ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa mbili, lakini hata muda huo ukipita unaruhusiwa kuwasilisha ombi.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Square Enix ya Japani ilipoona mchezo wake wa mtandaoni, Final Fantasy XIV ya 2010, umeshindwa, ilibadilisha uongozi wa mradi, ikaacha kutoza ada ya mwezi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwaka 2013 ikatoa mchezo uliojengwa upya.

Msafiri_Chumbageni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimeisoma orodha ya sasisho lile la gigabaiti 19: imetaja mavazi mapya na rangi za farasi, daraja halimo. Usiku huu nimewaandikia kama alivyoelekeza Fundi, na ombi la kurejeshewa fedha nimeliwasilisha pia.