Kamera juu ya kitanda cha mama: nifanye nini?

Binti Katuba
Ndugu zangu wa Lubumbashi na kwingine, nisaidieni mawazo. Mama yangu ana miaka 81. Tangu mwaka jana yuko kwenye nyumba ya wazee hapa mjini, baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Sikumpeleka kwa kumchoka. Nashinda sokoni tangu alfajiri na nyumbani hamna wa kumgeuza.

Mwezi uliopita waliweka kamera. Za getini na barazani sina neno nazo. Lakini moja wameifunga chumbani, inatazama kitanda, pale pale wanapomwogesha. Skrini iko kwa mlinzi, kijana wa umri wa wajukuu wake. Kila asubuhi mama anamwomba mwenzake aifunike kwa kitenge. Wahudumu wanakitoa, wanasema akili zimeanza kumruka. Akili zake ni timamu!

Yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa naye, yuko Ubelgiji, ndiye analipa, na anaitaka hiyo kamera. Anataka amwone mama kwenye simu saa yoyote. Nikikataa, naonekana nina la kuficha.

Muuguzi Kampemba
Pole sana dada. Kamera haimwinui mtu aliyeanguka. Wazee wengi huanguka usiku wakitafuta choo, na umeme ukikatika hiyo skrini nayo inazima. Uliza wako wahudumu wangapi zamu ya usiku. Omba kengele aifikie kwa mkono, kitanda kishushwe, taa ya betri iwe karibu. Halafu uliza picha zinakaa siku ngapi na nani anaweza kuzihamishia kwenye simu yake.

Baba Pacha, Bukavu
Mimi nasema tofauti, mnisamehe. Marehemu baba alikuwa na alama mikononi, kila tukiuliza tunaambiwa alijigonga. Mpaka tunamzika hatukujua ukweli. Kamera ingetuambia. Usiing'oe haraka, dada.

Avoka Kamalondo
Baba Pacha, uchungu wako nauelewa. Lakini kama wakili nakukumbusha: Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na cha 49 kinawapa wazee ulinzi wa pekee. Tena tuna Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi, na picha ya mtu ni mojawapo. Kulipa ada hakumpi yaya ruhusa ya kukubali kwa niaba ya mama mwenye akili timamu. Mwandikie mkurugenzi barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mwana Likasi, Lille
Huku Ufaransa CNIL, mamlaka ya kulinda habari za watu, ilitoa mwongozo 2024: kamera chumbani mwa mzee kwa kawaida hapana. Inaweza kuruhusiwa pakiwa na shaka nzito kwamba anateswa na uchunguzi mwingine umeshindwa, tena kwa muda tu. Si sheria ya Kongo, lakini mwonyeshe yaya. Baba Pacha, kisa kama chako ndicho walichokiachia mlango.

Mama Ruashi
Mbona wote tunajibu na mwenyewe hajaulizwa? Kile kitenge ni maneno yake. Kaa naye mlango umefungwa, umsikilize.

Binti Katuba
Asanteni, na Mama Ruashi nakupigia magoti. Nilikwenda jana. Mama aliniambia: "Barazani wanione, hata mimi naogopa wezi. Lakini nikiwa uchi, nani amewaita?" Hakuna anayempiga, nilimuuliza mara tatu. Anataka kengele, na aogeshwe na mwanamke.

Nikampigia yaya simu nikampa mama aseme naye. Yaya alilia. Amekubali awe anapiga kila Jumapili, mama ajibu akiwa amevaa. Barua nimeipeleka leo asubuhi, muhuri ninao. Mkurugenzi ameniita Alhamisi. Avoka, unaweza kunisindikiza?

Avoka Kamalondo
Nitakuja. Uje na nakala, na mama akiweza kukaa kwenye kiti, tumsogeze naye aingie.