Mduara wa mita 500: tunapima mji au tunachora mapambo?

Kipimo_Tandale: Wadau, kila ripoti ya usafiri Dar ni ileile: chora mduara wa mita 500 kuzunguka kituo, hesabu mapaa yaliyo ndani, andika "wamefikiwa". Kiashiria cha lengo la 11.2 la maendeleo endelevu kinataja mita 500 kwa basi na kilomita 1 kwa treni, lakini kwa kutembea kufuata njia, siyo kuruka kama kunguru. Tuuache mduara?

Mzee wa Kimara: Tuuache kwa lipi? Mduara ni kazi ya asubuhi moja. Ramani ya vichochoro ina mapengo, na njia ambayo haijachorwa kwako ni ukuta. Afadhali kosa linalojulikana. Halafu wanaolia kila siku ni wa Kigamboni, ng'ambo ya maji. Walifuata viwanja vya bei poa, sasa wanataka na kituo mlangoni.

Kipimo_Tandale: Kosa linalojulikana? Lipige hesabu basi. Mduara wa mita 500 ni hekta 78. Njia ikiwa ndefu kwa asilimia 30 tu kuliko mstari, unafika mita 385, hekta 46 na ushee. Asilimia 40 ya eneo imeyeyuka. Na mapengo unayosema, Ramani Huria, mradi wa wananchi kuchora ramani ya Dar, wameyaziba kata nyingi tangu 2015.

Dada wa Kibada: Ngoja kwanza. "Walifuata viwanja vya bei poa"? Kibada, Kisota, Mjimwema, Gezaulole: zote Kigamboni, na huo ni mradi wa serikali wa viwanja 20,000. Serikali imepima, imegawa, usafiri ukabaki nyuma. Anayelaumiwa ni mwenye kiwanja?

Mzee wa Kimara: Hakuna aliyeshikiwa bunduki achukue fomu, dada.

Dada wa Kibada: Na 2012 nauli ya pantoni ya kuvukia Kigamboni ilipotoka shilingi 100 kwenda 200 watu wakaambiwa wasioweza wapige mbizi. Hilo nalo tuliliombea fomu?

Fundi Nodi: 😂 Mbizi nayo ni njia, ipewe kasi yake. Tuache utani: pantoni ndiyo inayoumbua vipimo vingi. Kwenye ramani ni mstari wa mita mia kadhaa, programu ya kupima njia inaupa kasi ya gari, Kigamboni inaonekana mtaa wa pili na Posta, katikati ya mji. Upe dakika za kuvuka, ongeza nusu ya muda kati ya pantoni na pantoni: ikija kila dakika 20, kusubiri ni 10 kwa wastani. Foleni ya magari iwe juu ya hapo. Pantoni moja ikienda matengenezo, pima upya.

Kosa la pili ni vituo vya mwendokasi barabara ya Morogoro. Viko katikati ya barabara, kwa hiyo kwenye ramani nukta ya kituo inanata kwenye njia ya basi. Ukikataza miguu humo, kituo hakifikiki kabisa. Ukiruhusu, watu wanatembea mbele ya mabasi. Weka nukta kwenye zebra. Ubungo, penye barabara za juu, usiunganishe mistari ya ramani inayopishana juu kwa juu, hayo si makutano.

Mzee wa Kimara: Pantoni ya nini wakati daraja la Kigamboni lipo tangu 2016?

Dada wa Kibada: Lina tozo, mzee!

Fundi Nodi: Tozo unaigeuza dakika: igawe kwa kipato cha mtu cha dakika moja. Kwa mwenye kipato kidogo daraja linarefuka.

Kipimo_Tandale: Na matumizi ya ardhi je? Paa moja Kariakoo ni ghorofa nane za maduka na stoo, paa moja Kibada ni familia. Mtafiti Hansen alishaonyesha 1959: hesabu kilichopo mwisho wa safari, ukipunguze kadiri muda wa safari unavyorefuka. Kwa kipunguzo cha 0.05 kwa dakika, yaani kila dakika inakata karibu asilimia 5 ya kilichobaki, ajira 1,000 zilizo dakika 20 zinabaki kama 370, zilizo dakika 60 zinabaki 50. Kipunguzo chenyewe kitoke kwenye safari za Dar, kisiazimwe Ulaya.

Mzee wa Kimara: Kipato cha dakika moja! Abiria wa daladala analipa tozo lini? Analipa mwenye gari.

Dada wa Kibada: Mwenye gari anaitoa wapi kama si kwenye nauli?

Mzee wa Kimara: Nauli anapanga LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, dada. Konda hana ubavu wa kuongeza.

Dada wa Kibada: Bajaji nazo anapanga LATRA? Simama pale Kurasini uulize bei ya kuvuka.