Tupeane uzoefu: mkono wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo (Bukavu)

Wazazi wenzangu, jambo. Binti yangu ana miaka minne, mtindio wa ubongo umemshika upande wa kuume. Ngumi haifunguki. Kinezi, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, ametupa mazoezi ya nyumbani, ila bibi yake anasema kukanda kwa mafuta kunatosha. Nyinyi mlifanyaje?

Mama wa Kadutu: Pole dada. Kwetu pia bibi alikanda sana. Misuli ililegea, kesho yake ngumi ileile. Kilichoamsha mkono ni mahindi. Ninauza mahindi makavu, basi nikamketisha karibu yangu apukuchue: mkono dhaifu unashika gunzi, mzima unatoa punje. Mwanzoni gunzi lilikuwa linamtoroka, analia. Nikawa natangulia kutoa safu mbili ili zilizobaki zisiwe ngumu. Siku hizi anagombania gunzi kubwa na dada yake. Mkono haujanyooka, nisikudanganye, lakini unashika.

Kinezi, Ibanda: Hayo ndiyo mazoezi ya mikono miwili, mama. Kukanda anakanda mtu mwingine. Ubongo wa mtoto unajifunza anapokitaka kitu akakifuata mwenyewe. Njia nyingine ni kuuvika mkono mzima glavu au soksi ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Chanzo chake ni utafiti wa Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, Marekani. Njia hizi zimelinganishwa: saa zikiwa sawa, matokeo yanakaribiana. Programu nyingi hufika saa 30 na zaidi kwa jumla, kwa hiyo nyumbani ndiko kwenye kazi kubwa. Na mwenye soksi asiachwe peke yake, miteremko yetu mnaijua.

Baba wa Bagira: Wangu soksi aliitupa chooni. Tukahamia mikono miwili: kufungua chupa, kushika bakuli huku akila sambaza, wale samaki wadogo.

Mama wa Panzi: Na kama mikono yote miwili imekaza?

Kinezi, Ibanda: Soksi usijaribu, hiyo ni ya upande mmoja. Anza na kiti: nyayo zikanyage chini, meza ifike usawa wa viwiko. Mwili ukitulia, mikono inapata nafasi. Kisha chagueni naye kazi moja anayoipenda.

Mwenye swali: Asanteni. Bibi nimemsomea yote. Anauliza sasa: mbele ya wageni, mtoto atakula bugali kwa mkono wa kushoto kweli?

Kinezi, Ibanda: Ale, bibi. Kuume kushike sahani.