Bendi kongwe ikirudi jukwaani bila mwenzao, jina libaki?

Mleta mada: Planxty, bendi ya muziki wa jadi wa Ireland, waliporudi Vicar Street, Dublin, mwaka 2004, walikuwa wanne wale wale: Christy Moore, Andy Irvine, Dónal Lunny na Liam O'Flynn. Hapo hapakuwa na ubishi. The Bothy Band, bendi nyingine ya muziki huo iliyovunjika 1979, wamerudi bila mpiga gitaa Micheál Ó Domhnaill, aliyefariki 2006. Mimi nasema jina libaki iwapo mlio umebaki, vinginevyo watafute jingine.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, rili (wimbo wa ala wa kuchezea dansi ya Kiayalandi) si mali ya mtu. Kwa kawaida ina sehemu mbili, kila moja hurudiwa, kisha wanarudia yote mara mbili tatu na kuunganisha na rili nyingine bila kusimama. Matt Molloy yupo na filimbi yake, mwimbaji Tríona Ní Dhomhnaill yupo. Unataka nini zaidi?

Mleta mada: Nataka gitaa. Ó Domhnaill alikaza nyuzi zake sita kwa noti D-A-D-G-A-D. Zikipigwa wazi zinavuma bila kuamua meja au maina (mizani mbili kuu za sauti), na ndiyo maana zinakaa vizuri chini ya rili za Kiayalandi, ambazo baadhi haziko wazi upande wowote. Mpiga gitaa wa E-A-D-G-B-E, mkazo wa kawaida, akija kubana kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzima nzima, rili inafungwa kamba. Mrithi lazima ajue kuacha nafasi.

Mchangiaji wa 3: Ndugu zangu, mnasahau zumari la uilleann (zumari la mfuko la Kiayalandi), na maonyesho mengi huharibikia hapo. Halipulizwi kwa mdomo. Hewa hutoka kwenye mvukuto chini ya kiwiko, kavu, haina unyevu wa pumzi. Seti kamili ina tete saba (vipande vyembamba vinavyotetemeka kutoa sauti), na taa za jukwaa zikizikausha, sauti inahama. Kwa hiyo zumari lipelekwe jukwaani mapema, taa zikiwa zimewashwa, lizoee joto. Fidla na buzuki (ala ya nyuzi kama gitaa) zijipange kwalo, maana zenyewe hurekebishika haraka. Maikrofoni ziwe mbili: moja kwa bomba la melodi, nyingine kwa mabomba mengine yanayosindikiza melodi. Ukiweka moja, fundi atapandisha sauti kutafuta yale yaliyopotea, na spika zitaanza kupiga mluzi.

Mchangiaji wa 2: Hilo nakubali. Lakini ni kazi ya fundi, jina halihusiki.

Mleta mada: Linahusika na tiketi. Bango litaje wapigaji wote, na aliyeshika gitaa aandikwe kwa herufi kubwa sawa na wenzake.