Mama anaota friji inanguruma, ndani mna maji ya bahari. Taabiri yake nini?

Binti wa Mikindani:
Salaam wanajamvi. Mama kaota ndoto hii mara 3 ndani ya wiki mbili, kila mara karibu na adhana ya alfajiri. Friji inanguruma kama mnyama, akiifungua anakuta maji ya chumvi yamejaa mpaka rafu ya juu. Mtaalamu mmoja kamwambia ni husuda ya jirani, anataka kuku mweusi na elfu 80. Kitabu cha taabiri tulichonacho kina taa na chungu, friji hamna. Wenye elimu nisaidieni kabla hajatoa hela.

Msoma Taabiri, Lindi:
Asitoe, dada. Vitabu vinavyonasibishwa na Ibn Sirin wa Basra, mfasiri mashuhuri wa ndoto, aliyefariki mwaka 110 Hijria, vinataja vyombo vya zama zile. Kifaa kipya hupimwa kwa kazi yake: friji huhifadhi chakula, basi inasomwa kama ghala ya riziki. Kisha anaangaliwa mwotaji mwenyewe. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akaambiwa atahiji, mwingine akaambiwa atakatwa mkono kwa wizi. Sasa huyo aliyemtaja jirani, alimuuliza mama anadaiwa nini, anaumwa nini, ana mtoto safarini? Kama hakuuliza, hajafasiri kitu. Kugombanisha majirani kwa ndoto ni dhuluma.

Akiamka na hofu, ateme mate kidogo upande wa kushoto mara 3, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, ageukie ubavu mwingine, na asiisimulie ovyo.

Fundi Friji, Mtwara:
Friji imeegemea ukuta wa chumba anacholala? Kompresa ikiwaka hutikisa bodi, na kama miguu haiko sawa au mgongo umegusa ukuta, mtikisiko unapita ukutani hadi kitandani. Ivute ibaki nafasi ya sentimita 10 nyuma. Zungusha miguu ya mbele mpaka friji isicheze ukiisukuma pembeni.

Hayo maji yananitia shaka zaidi. Vuta droo ya mboga, tazama chini yake. Kwenye ukuta wa nyuma kwa ndani kuna mfereji mdogo wenye tundu. Barafu ikiyeyuka, maji yapite hapo yashuke kwenye trei iliyo juu ya kompresa. Tundu likizibwa na kipande cha mchicha au ukoko wa chakula, maji yanadondoka ndani, na usiku kukiwa kimya tone linasikika. Chomoa umeme kwanza. Piga maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, mpaka usikie yanashuka nyuma. Usichokoe kwa waya, utatoboa plastiki.

Mlinzi wa Usingizi:
Nakubaliana na fundi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na ile sehemu ya ndoto nzito, iliyoelezwa na watafiti wa Chicago mwaka 1953, huwa ndefu zaidi kuelekea asubuhi. Ndiyo maana ni alfajiri. Sauti ya chumbani huingia ndotoni ikabadilishwa sura. Hata umeme ukikatika, feni ikasimama na joto letu hili, mtu anaota anazama. Jaribuni hivi: siku 7 mama alale chumba cha mbali na friji. Kila akiamka aandike saa, na kama umeme ulikuwepo.

Binti wa Mikindani:
Nimevuta droo. Maji yapo, kina cha kidole kimoja, na tundu limezibwa na ganda la kitunguu. Mama anauliza: chumvi je?

Msoma Taabiri, Lindi:
Mwambie mtu aliyekulia Mikindani akisikia maji gizani, nafsi yake inampa bahari. Hilo ni fungu la ndoto zitokanazo na mazungumzo ya nafsi, halina kafara. Ila muulize kwa upole kama ana wasiwasi wa chakula cha nyumbani, maana ghala iliyojaa maji hainipiti hivihivi.