Mjadala: Ambulansi isiyo na mgonjwa ina haki ya kuwasha king'ora?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni tabibu, nakaa nyuma ya ambulansi na mgonjwa. Nimehamia Dar mwaka jana nikitokea Njombe. Joto nimelizoea, foleni nimeizoea. Kilichonishinda ni watu kuchungulia dirishani kwanza ndipo waamue kama watatupisha.

Juzi jioni tumeitwa kumchukua mama kituo cha afya upande wa Chanika. Amejifungua, damu haikatiki, inabidi aletwe Hospitali ya Amana. Jioni mnaijua Barabara ya Nyerere: upande unaojaa ni ule wa kutoka mjini, ndiko tunakoelekea na kitanda kitupu. Tulipokwama Banana, mwenye gari dogo akashusha kioo, akatazama ndani, akasema, "Hamna mgonjwa humo, kaeni foleni kama sisi." Akapandisha kioo.

Damu ya namna ile inaweza kummaliza mama ndani ya saa 2. Tulimkuta hai. Nesi alikuwa bado anamkanda tumbo, mikono inamtetemeka kwa kuchoka, khanga iliyo chini yake imelowa mpaka pindoni.

Mimi nasema gari tupu ndilo lenye haraka zaidi. Mgonjwa akishaingia anapata oksijeni na dripu, na mimi niko naye. Kabla hatujafika hana kitu. Tena mgeni kama mimi anapoteza dakika nyingine akielekezwa "kata kona hapo kwa Mangi", na kila mtaa una duka la Mangi.

Dereva wa daladala, Gongo la Mboto

Dokta, pole na kazi. Ila msitulaumu bure. Nimewahi kuipisha ambulansi mpaka tairi likaingia mtaroni. Nafika mbele naikuta imepaki kwenye kibanda cha chipsi, dereva anakula. Siku nyingine nimepisha, askari akaniandikia faini elfu 30 kwamba nimetanua, yaani nimetoka nje ya njia yangu. Namwonyesha ambulansi ile inaishia, hataki kusikia. Tangu hapo na mimi nachungulia.

Nesi, Mbagala

Anayewasha king'ora kuwahi chipsi anyang'anywe leseni, sina huruma naye. Lakini kaka, nimeshakaa na mama zamu ya usiku nikisikilizia king'ora kwa mbali, hakisogei. Na huyo ana bahati, maana namba ya simu ya dharura 115 ipo kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kijana aliyegongwa na bodaboda anapakiwa kwenye bajaji, shingo inaning'inia, anafika tumeshachelewa.

Mleta mada

Kaka dereva, hilo la chipsi ni kweli lipo na linatuua sisi. Napendekeza gari liandikwe namba kubwa nyuma pamoja na simu ya kuripoti, na kila king'ora kiwe na wito ulioandikwa kwenye daftari: saa ngapi, kutoka wapi. Ukipiga simu na wito haupo, dereva ajieleze. Siku hiyo tukiwa zamu, hata mimi niulizwe. Lakini usipime kwa kitanda. Kitanda kitakudanganya.

Dereva wa daladala, Gongo la Mboto

Namba ikiwekwa napisha, hata iwe tupu. Sasa niambieni kuhusu ile elfu 30. Kesho nikitanua kuwapisha nikakamatwa tena, ninyi mmeshakwenda zenu na king'ora. Nani anabaki pale kunisemea?