Jenereta isiyotumia mafuta wala jua: inawezekana kweli, au mjomba anapigwa?

Mkulima_Igunga:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uelewa wa umeme kabla familia haijatoa hela.

Mjomba ana kisima shambani, nguzo hazijafika, na dizeli inammaliza. Kaletewa fundi mwenye mashine yake: betri inawasha mota ya HP 1, mota inazungusha gurudumu zito la chuma, gurudumu linazungusha dainamo ya kilowati 5. Dainamo inailisha mota na kuchaji betri, umeme unaobaki unaenda kwenye pampu. Anadai ikishawaka haizimi mpaka uizime mwenyewe. Anataka milioni tatu, nusu kwanza. Video nimeiona, taa zinawaka kweli. Fizikia mimi niliiacha kidato cha pili. Kitu hiki kinawezekana? Na kama leo hakiwezekani, ipo siku kitawezekana?

Fundi_Koili:
Mkuu, mimi nasuka mota, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nakupigia hesabu ya gereji.

Mota ya HP 1 inatoa wati 746 kwenye shafti. Ili itoe hizo inavuta kama 1,000, maana mota ndogo hata ikiwa mpya hupoteza karibu robo. Zinaenda wapi? Iache ipige kazi nusu saa na mzigo wake, halafu weka kiganja kwenye bodi. Utakitoa mwenyewe. Lile joto ndilo umeme wako, na halirudi kwenye waya. Mkanda nao unakula kidogo, beringi zinakula, feni ya nyuma inakula. Dainamo nzuri inakurudishia kama asilimia 80 ya kilichoifikia. Piga mwenyewe: umeweka 1,000, umepata 570 hivi. Hujafunga hata taa moja na tayari una deni la wati 430. Anayelilipa ni betri, na kwenye video fupi betri haiwezi kuisha.

Hiyo "kilowati 5" isiwatishe. Ni kiasi ambacho dainamo inaweza kubeba, haina maana kwamba ndicho kitakachotoka. Dainamo isiyo na mzigo unaizungusha kwa mkono. Ifunge mzigo uone inavyokaza! Kadiri unavyovuta umeme ndivyo inavyokuwa nzito, na mota inaanza kuguna.

Gurudumu ndilo linalowapumbaza wengi kwa sababu linaonekana lina nguvu. Chukua sahani ya chuma ya kilo 50, upana sentimita 60, mizunguko 1,500 kwa dakika. Limebeba jouli 28,000 hivi, na hizo zilitiwa na mota. Lidai kilowati 5 uone: sekunde tano na nusu limesimama.

Mchunguzi_Huru:
Hayo ndiyo tuliyofundishwa ili tuendelee kununua mafuta. Mashine hizi zipo, wabunifu wananyamazishwa.

Fundi_Koili:
Kaka, watu waliihangaikia mashine hii kabla ya petroli. Bhaskara wa India aliandika habari za gurudumu la zebaki la kujizungusha, karne ya 12. Mwaka 1775 akademia ya sayansi ya Paris ikatangaza haipokei tena maombi ya aina hiyo. Kituo cha mafuta wakati huo kilikuwa wapi?

Na utapeli wake ni wa kale vilevile. Charles Redheffer alionyesha mashine ya namna hiyo Philadelphia mwaka 1812, akataka serikali impe pesa. Wakaguzi walipogundua ujanja akahamia New York. Mwaka 1813 Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akaenda kuitazama. Akasikia mzunguko unakwenda mbio kidogo, unapoa kidogo, kama kitu kinachozungushwa kwa mkono. Akabomoa mbao za ukutani, akakuta mkanda wa utumbo unapanda mpaka chumba cha juu. Huko kulikuwa na mzee ameshika mpini, anazungusha. Siku hizi mzee huyo ni betri iliyofichwa chini ya meza.

Binti_Tanga:
Na mwezi je? Unazunguka miaka yote na hakuna anayeutilia mafuta.

Fundi_Koili:
Swali zuri dada. Kuzunguka tu, pasipo msuguano, kunawezekana. Kinachokataa ni kuzunguka huku unatoa kazi. Na mwezi wenyewe haubaki palepale. Unavuta bahari, maji yanajaa na kupwa, na msuguano wake unaipunguzia dunia mwendo, siku inarefuka kwa kiasi kidogo mno. Mwezi nao unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Hupimwa kwa leza, kwa vioo ambavyo wanaanga wa Apollo waliviacha kule.

Kuhusu "ipo siku": beringi zitaboreshwa, waya zitaboreshwa. Tuseme siku moja tumepata mashine isiyopoteza hata chembe. Unaweka 1,000, inarudi 1,000, yote inakwenda kwenye mota. Pampu ya mjomba inapata sifuri. Ukiigusia mzigo inaanza kusimama. Watu wanadhani tatizo ni msuguano, lakini hata msuguano ukiisha hakuna cha ziada.

Mkulima_Igunga:
Asante sana mkuu. Fundi anakuja Jumamosi, nimwambie nini bila kumvunjia mjomba heshima mbele ya wageni?

Fundi_Koili:
Usibishane naye fizikia. Mwombe kwa upole: mashine ikishachanganya, achomoe betri, mashine iwe juu ya meza isiyo na kitambaa, pampu ifungwe, na iachwe inafanya kazi mpaka kesho yake asubuhi. Hela baada ya hapo. Akisema betri haichomolewi kwa sababu "inatuliza mfumo", mpe chai aondoke.

Kisima kina kina gani, na mnahitaji lita ngapi kwa siku? Pampu ya sola kwa milioni tatu huenda ikatosha, niletee hivyo vipimo.

Mkulima_Igunga:
Mita 35. Lita namuuliza mjomba sasa hivi.